Viwango vya pivoti vichapishwe pamoja na namba tatu zilizovizaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili niseme jambo kuhusu jedwali la viwango vya pivoti, yaani bei ambazo hisa hutarajiwa kusita ikipanda au ikishuka, ambalo ukurasa wako wa biashara umeanza kulichapisha kwa ajili yetu sisi tunaonunua na kuuza hisa. Katika jedwali la juma lililopita kulikuwa na mstari mmoja wenye namba 145 iliyorudiwa mara saba: pivoti 145, ukinzani wa kwanza, wa pili na wa tatu 145, na sapoti zote tatu vilevile 145. Niliwasikia wasomaji wenzangu wakisema kwamba mpiga chapa ameteleza. Hakuteleza. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, na hapo ndipo lilipo jambo linaloniandikisha barua hii, kwa sababu jedwali linaweza kuwa sahihi kihesabu na bado likampotosha anayelisoma, endapo haonyeshwi namba zilizoingia ndani yake.

Kwa wasomaji ambao hawajazoea mambo haya, pointi za pivoti hukokotolewa kutokana na namba tatu tu za siku iliyotangulia, yaani bei ya juu kabisa iliyofikiwa, bei ya chini kabisa, na bei ya kufungia soko. Ukizijumlisha hizo tatu na kugawa kwa 3, unapata pivoti yenyewe. Ukinzani wa kwanza, ambao huandikwa R1, ni pivoti mara 2 ukitoa bei ya chini. Sapoti ya kwanza, S1, ni pivoti mara 2 ukitoa bei ya juu. R2 na S2 hupatikana kwa kuongeza au kupunguza kwenye pivoti upana wote wa siku, ambao ni tofauti kati ya bei ya juu na ya chini. R3 ni bei ya juu ukiongeza mara 2 ya umbali uliopo kati ya pivoti na bei ya chini, na S3 ni bei ya chini ukitoa mara 2 ya umbali uliopo kati ya bei ya juu na pivoti. Sapoti ni sakafu, mahali ambapo wanunuzi hutarajiwa kujitokeza ili bei iache kushuka. Ukinzani ni dari, mahali ambapo wauzaji hutarajiwa kuwa wengi kiasi cha kuizuia bei isipande zaidi.

Tuchukue hisa ambayo jana ilifika juu 520, ikashuka hadi 496, kisha ikafunga kwenye 514. Jumla ni 1,530, na pivoti ni 510. R1 inakuwa 524 na S1 inakuwa 500. R2 ni 534, S2 ni 486, R3 ni 548, na S3 ni 476. Mtu mwenye kalamu na kipande cha karatasi humaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa, na ningependa kila msomaji aifanye walau mara tano kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kuitegemea programu yoyote, kwa sababu kuna jambo ambalo mkono hukufundisha na jedwali lililokwisha kukokotolewa halikufundishi.

Jambo hilo ni hili. Chukua hisa ileile, yenye bei ileile ya juu ya 520 na ileile ya chini ya 496, lakini safari hii fikiria kwamba soko lilifunga kwenye 499. Pivoti inashuka kutoka 510 hadi 505, R1 inashuka hadi 514, na S1 inashuka hadi 490. Tazama vizuri kilichotokea. Katika siku ya kwanza, hisa ilipofunga juu ya katikati ya upana wake, R1 ilisimama juu ya bei ya juu ya jana, huku S1 ikibaki ndani ya eneo ambalo bei ilikwishapita. Katika siku ya pili, hisa ilipofunga chini ya katikati, mambo yalipinduka: R1 iliingia ndani ya eneo la jana, na S1 ikatoka nje, chini ya bei ya chini. Wala si bahati ya mfano wangu, kwani kanuni yenyewe inalazimisha hivyo. Bei ikifunga juu ya nusu ya upana wa siku, dari ya kwanza huwa juu ya kilele cha jana. Ikifunga chini ya nusu, sakafu ya kwanza huwa chini ya bonde la jana. Ikifunga katikati kabisa, R1 huwa ndiyo bei ya juu ya jana na S1 huwa ndiyo bei ya chini ya jana, bila kuongeza wala kupunguza chochote.

Maana yake ni kwamba R1 na S1 si mambo ya aina moja kila siku, ingawa jedwali linaziandika kwa herufi zilezile. Sapoti ya 500 katika mfano wa kwanza ipo mahali ambapo jana watu walinunua na kuuza kweli. Wapo walionunua pale, wanapakumbuka, na huenda wakataka kununua tena bei ikirudi. Sapoti ya 490 katika mfano wa pili ipo mahali ambapo jana hakuna aliyefika. Ni makadirio yaliyotokana na mwendo wa jana, na hakuna muamala hata mmoja wa siku hiyo uliofanyika kwenye bei hiyo. Mimi huziamini zaidi sapoti za aina ya kwanza kuliko za aina ya pili. Lakini msomaji wa jedwali lako hawezi kujua anatazama ya aina gani, kwa kuwa bei ya juu na ya chini za jana hazipo kwenye jedwali.

Sasa nirudi kwenye ile 145. Hisa ambayo haina wanunuzi wala wauzaji wengi inaweza kumaliza siku nzima ikiwa imeuzwa kwa bei moja tu, pengine katika muamala mmoja. Bei ya juu inakuwa 145, ya chini 145, na ya kufungia 145. Pivoti ni 145, na kwa kuwa upana wa siku ni sifuri, viwango vingine vyote vinaporomokea hapohapo. Hesabu imejibu kwa uaminifu kile ilichoulizwa: kwa siku moja iliyokosa mwendo, hakuna sakafu wala dari ya kutafutwa. Aliyezoea kusoma jedwali anaweza kulielewa hilo. Lakini yule aliyeambiwa, kama maelezo yaliyo chini ya jedwali yanavyosema, kwamba “bei ikigusa S1 ni wakati wa kununua na ikigusa R1 ni wakati wa kuuza”, afanye nini na hisa ambayo S1 yake ndiyo R1 yake?

Ubaya zaidi ni pale ambapo hisa ya namna hiyo haikutoa namba moja mara saba, bali ilitoa namba zinazopendeza macho kutokana na muamala mmoja uliopotoka. Turudi kwenye mfano wetu wa 520, 496 na 514. Tuseme saa fulani ya mchana mtu mmoja aliyekuwa na haraka alinunua hisa chache mno kwa 541, halafu bei ikarudi palepale ilipokuwa. Bei ya juu ya siku sasa inaandikwa 541. Pivoti inaruka kutoka 510 hadi 517, S1 inashuka kutoka 500 hadi 493, na R1 inapanda kutoka 524 hadi 538. Kwa muamala mmoja usio na uzito, hisa iliyofunga kwenye 514, ambayo ilikuwa juu ya pivoti yake, sasa inaonekana iko chini ya pivoti, na anayefuata kanuni ya kwamba juu ya pivoti soko lina nguvu na chini ya pivoti soko ni dhaifu ataianza siku akiwa ameelekea upande mwingine kabisa. Laiti angeiona hiyo 541 imeandikwa kando, angejiuliza imetoka wapi, na angetazama kiasi cha hisa zilizouzwa kwa bei hiyo.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuumia kwa kutozitazama namba zilizo nyuma ya viwango. Nilikuwa na hisa za kampuni moja iliyokuwa imetangaza gawio, na sikuiweka akilini siku ambayo hisa hizo zingeanza kuuzwa bila haki ya gawio hilo. Nitaieleza kwa namba za mfano wetu ili hesabu ifuatike. Jana yake hisa ilifunga 514, na programu niliyokuwa nikiitumia ikanionyesha pivoti 510 na S1 500. Gawio lilikuwa 12 kwa kila hisa. Asubuhi soko lilifungua kwenye 503, na mimi nikaona tayari tuko chini ya pivoti. Bei ikateremka taratibu hadi 501, ikafika 500, ikafika 499. Nilikuwa nimejifunza kwamba sapoti ikivunjika usibishane nayo, basi nikauza zote kwa 498, nikajipongeza kwa kuwa na nidhamu.

Hakukuwa na sapoti yoyote iliyovunjika. Hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei yake kwa kawaida hushuka kwa kiasi kinachokaribiana na gawio lenyewe, kwa kuwa mnunuzi wa siku hiyo hapati tena kile ambacho mnunuzi wa jana alikuwa na haki ya kukipata. Ili viwango viwe na maana, ilinipasa kupunguza 12 kwenye kila moja ya zile namba tatu za jana: juu 508, chini 484, kufunga 502. Pivoti iliyorekebishwa ilikuwa 498, na S1 ilikuwa 488. Ile bei niliyouzia nikiamini sakafu imetoboka ndiyo ilikuwa pivoti yenyewe, na bei iliinuka kutoka hapohapo na kufunga siku kwenye 509. Gawio nililipata, kwa kuwa nilikuwa nazimiliki hisa kabla ya siku hiyo, lakini hisa nilikwishaziachia. Nilikaa na karatasi jioni ile, nikaandika namba tatu na kuzikokotoa upya, na ilinichukua chini ya dakika moja kuliona kosa. Hiyo dakika moja ndiyo niliyoikosa asubuhi, kwa sababu nilikuwa nimepewa majibu bila maswali.

Jambo hilohilo hutokea kwa ukubwa zaidi hisa zinapogawanywa. Mwezi Agosti mwaka 2020 kampuni ya Apple iligawanya kila hisa yake kuwa hisa 4. Hisa iliyofunga karibu na dola 500 siku ya mwisho kabla ya mgawanyo ilianza kuuzwa siku iliyofuata ya soko kwa takriban robo ya bei hiyo, bila mwenye hisa kupoteza chochote. Yeyote ambaye angekokotoa pivoti kwa bei za siku iliyotangulia bila kugawa kwa 4 angekuwa na sapoti zilizoning'inia mbali mno juu ya kichwa cha bei. Kosa la namna hiyo ni kubwa kiasi kwamba mtu hulitambua upesi. Kosa la gawio ni dogo, linafanana na mwendo wa kawaida wa siku, na kwa hiyo ni la hatari zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali lako halisemi, nalo ni kanuni ipi imetumika. Hesabu niliyoieleza hapo juu ndiyo ya kawaida, lakini si ya pekee. Ipo inayotumia uwiano wa Fibonacci, ambapo upana wa siku huzidishwa kwa 0.382, kwa 0.618 na kwa 1, kisha hujumlishwa au kutolewa kwenye pivoti. Ipo iitwayo Camarilla, ambayo haianzii kwenye pivoti bali kwenye bei ya kufungia, na ambayo viwango vyake vya mwanzo hukaa karibu sana na bei hiyo. Ipo ya Woodie, inayoongeza uzito wa bei moja kuliko nyingine, na ipo ya Tom DeMark, ambayo kwanza hutazama kama soko lilifunga juu au chini ya bei ya kufungulia. Kwa namba zetu za 520, 496 na 514, R1 ya kawaida ni 524, R1 ya Fibonacci ni 519.17, na R1 ya Camarilla ni 516.2. Herufi ni zilezile, namba ni tatu tofauti. Wasomaji wawili wanaweza kubishana siku nzima kama ukinzani wa kwanza umevunjwa au haujavunjwa, na wote wawili wakawa sahihi. Sioni sababu ya kupendelea moja na kuzitupa nyingine, ila naona sababu kubwa ya kuandika jina la iliyotumika.

Huenda mtu akauliza kama viwango hivi vina kazi yoyote, ikiwa vinayumba namna hii. Naamini vina kazi, na ndiyo maana nimejisumbua kuandika. Asili yake ni kwa wafanyabiashara waliokuwa wakisimama kwenye uwanja wa soko la mikataba ya bei za baadaye, kule Chicago na kwingineko, wakinunua na kuuza kwa kupaza sauti na kuashiria kwa mikono. Mtu aliyesimama katikati ya kelele zile hakuwa na nafasi ya kukunjua chati. Alihitaji namba chache alizozikokotoa kabla soko halijafunguliwa, akaziandika kwenye kadi na kuitia mfukoni. Mwezi Julai mwaka 2015 kundi la masoko la CME la Chicago lilifunga sehemu kubwa ya viwanja hivyo vya mikataba, kwa kuwa biashara ilikuwa imehamia kwenye kompyuta, lakini hesabu ya kadi ile haikufungwa pamoja navyo. Wale waliokuwa wakiitumia walijua namba zao zimetoka wapi, kwa sababu jana yake walikuwepo wenyewe uwanjani bei hiyo ya juu ilipofikiwa. Sisi tunaopokea jedwali hatukuwepo.

Sababu nyingine ya kuamini kwamba viwango vya namna hii si ramli tupu ni kwamba watu wengi huvitazama kwa wakati mmoja na kuweka oda zao, yaani maagizo ya kununua au kuuza, karibu navyo. Mwaka 2000 mwanauchumi Carol Osler, akiwa katika Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York, alichapisha uchunguzi wa viwango vya sapoti na ukinzani ambavyo kampuni sita zilikuwa zikiwapa wateja wao katika soko la fedha za kigeni. Alikuta kwamba bei ziligeuka zilipofika kwenye viwango hivyo mara nyingi zaidi kuliko zilipofika kwenye viwango vilivyookotwa kiholela. Baadaye alionyesha pia kwamba oda za kuchukua faida hurundikana kwenye namba zinazoishia na sifuri, na kwamba oda za kukata hasara, yaani za kujitoa bei ikienda vibaya, hurundikana kidogo ng'ambo ya namba hizo. Nakiri kwamba uchunguzi huo ulihusu fedha za kigeni na si hisa, na viwango vyenyewe vilitolewa na wachambuzi wa kampuni hizo, si lazima kwa kanuni ya pivoti. Hata hivyo unatufundisha kwa nini bei inaweza kusita mahali fulani, na kwa nini ikishapenya pale mara nyingine huenda kwa kasi: oda zilizokuwa zikiizuia zimekwisha, na zile za kukata hasara zimeanza kufyatuka. Unatufundisha pia kwamba nguvu ya kiwango inatokana na watu wanaosubiri hapo, si katika hesabu. Kwenye hisa isiyo na watu, hesabu haitawaleta.

Basi mtu avitumieje? Kwa maoni yangu, kazi kubwa ya kiwango cha pivoti ni kukuonyesha mapema mahali ambapo utakubali kwamba umekosea. Tuseme, kwa namba zetu, bei imeshuka hadi 501, karibu na S1 ya 500, na unaona imeacha kushuka na wanunuzi wanaanza kupandisha. Ukinunua hapo, unaweza kuweka oda ya kukata hasara kwenye 497, chini kidogo ya sapoti, na kulenga pivoti ya 510. Umejiwekea hatari ya 4 kwa matarajio ya 9, kabla ya kuondoa kamisheni ya dalali. Ukikosea, unajua umekosea wapi na kwa kiasi gani. Hapo ndipo kiwango kinapokuwa na thamani. Lakini ukinunua kwenye 501 kwa sababu tu jedwali limesema S1 ni 500, bila kutazama kama bei imesita, bila kutazama kiasi cha miamala na bila kupanga mahali pa kutokea, umefunga macho na kujirusha ukiamini kwamba sakafu ipo.

Zipo pia siku ambazo viwango vyote huachwa nyuma. Kampuni inapotangaza matokeo ya fedha usiku, na soko likafungua asubuhi juu ya R3 au chini ya S3, namba za jana hazina tena la kusema, na mwenye busara huziweka kando hadi siku hiyo ifunge na itoe namba zake. Na mwekezaji anayenunua hisa ili akae nazo miaka mingi hana haja na pivoti za kila siku hata kidogo. Akitaka kuzitumia ili achague tu wakati wa kununua, na achukue bei ya juu, ya chini na ya kufungia ya mwezi mzima uliopita, akokotoe kwa kanuni ileile. Viwango vinavyotokana na mwezi hukaa mwezi mzima bila kubadilika, na muamala mmoja uliopotoka kwenye hisa yenye shughuli huwa na nafasi ndogo zaidi ya kuwa ndio kilele cha mwezi.

Baada ya kusema hayo yote, Ndugu Mhariri, ombi langu kwa dawati lako la biashara ni dogo na halihitaji gharama. Jedwali liendelee, ila upande wa kushoto wa kila mstari ziongezwe namba tatu: bei ya juu, bei ya chini na bei ya kufungia, pamoja na tarehe ya siku zilikotoka. Juu ya jedwali liandikwe jina la kanuni iliyotumika, na ielezwe pia bei ya kufungia ni ipi, kwa kuwa kuna masoko yanayochukua bei ya muamala wa mwisho, yapo yanayochukua bei ya mnada wa kufungia, na yapo yanayochukua wastani uliopimwa kwa kiasi cha miamala. Hisa itakayoanza siku bila haki ya gawio, au iliyogawanywa, iwekewe alama na bei zake zirekebishwe kabla ya kukokotoa. Hisa ambayo haikuuzwa, au iliuzwa kwa bei moja tu, iachwe wazi na kuandikwa kwamba haikuwa na mwendo, kuliko kumpa msomaji namba moja mara saba. Nafasi ikiwa finyu, niko radhi safu za R3 na S3 ziondolewe ili hizo namba tatu zipate mahali, kwa kuwa mwenye namba tatu anaweza kujikokotolea mwenyewe R3 na S3, ilhali mwenye R3 na S3 peke yake hawezi kujua kama bei ya juu ya jana ilikuwa ya soko zima au ya mtu mmoja aliyekuwa na haraka.

Na maneno “wakati wa kununua” na “wakati wa kuuza” yaondolewe kwenye maelezo yaliyo chini ya jedwali.

Wako mtiifu,
Msomaji wa ukurasa wa biashara